Wafuasi Elfu Sitini wa Mahameli

Walikutana wakigombania kitambaa. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, katika duka kubwa la vitambaa, watu wamesongamana, mafundi wanawaita wauzaji, wauzaji wanaitisha ngazi, na juu ya meza ya kukatia limebaki jora moja tu la mahameli ya kijani. Upande mmoja wa jora kulikuwa na mkono wa dada mmoja mwembamba, gauni la njano limemkaa utadhani kazaliwa nalo, tepu ya kupimia shingoni na pini tatu kwenye ukosi. Upande wa pili kulikuwa na mkono wa kaka mrefu, mikono ya shati kaikunja, punje za sponji zimemjaa kwenye nywele.

"Kaka, samahani, hili nimelichukua mimi."

"Umelishika, dada. Kulichukua bado."

"Na wewe mahameli unashonea nini?"

"Kochi."

"Kochi!" Alicheka mpaka muuzaji akageuka. "Kitambaa kizuri hivi, watu wakikalie?"

"Kwani gauni lako wewe halikaliwi?"

Walikubaliana kuligawana jora, wakatoka dukani kila mmoja na kifurushi chake kwapani, wakasimama mlangoni wakiongea mpaka wenye haraka wakaanza kuwasukuma. Kuanzia siku ile kaka akamwita dada Mahameli, naye dada akamwita kaka Makochi. Majina yao halisi wakawaachia wazazi.

Mahameli alikuwa na chumba kimoja cha kushonea ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa: cherehani mbili, sanamu isiyo na kichwa, pazia la kubadilishia nguo na benchi la wateja ambalo mara nyingi lilikuwa tupu. Karakana ya Makochi ilikuwa mitaa miwili nyuma, katikati ya fundi betri na duka la saruji. Simu zao zilikuwa hazipoi.

"Umekula?"

"Bado."

"Mbona bado, mpenzi?"

"Nilikuwa nangoja uniulize."

Mambo ya namna hiyo. Ukiwasikiliza unaona aibu kwa niaba yao, lakini nisiwafichie, ukiyakosa unayatamani.

Ukurasa wa Mahameli mtandaoni ulikuwa na wafuasi mia mbili na themanini, nusu yao binamu zake. Jumapili moja jioni alivaa gauni la rangi ya chungwa alilolimaliza siku hiyo, marinda mapana, mgongo wazi kiasi, akampa Makochi simu ampige video. "Geuka taratibu," Makochi akasema nyuma ya simu, "kochi langu linaona wivu." Mahameli akacheka, kichwa nyuma, akazunguka, marinda yakafunguka yote. Video ya sekunde kumi na mbili. Ilipofika Alhamisi ukurasa ulikuwa na wafuasi elfu sitini na moja.

Makochi alifurahi siku mbili. Siku ya tatu akaanza kusoma maoni.

"Gauni linauzwa peke yake au na aliyelivaa?" aliandika mmoja. "Huyu namtolea mahari leo," aliandika mwingine. Na kulikuwa na huyu aliyejiita Dokta wa Moyo, ambaye hakukosa hata mara moja, kila picha alikuwa wa kwanza: "Kicheko chako ni dawa yangu asubuhi na jioni." Makochi alisoma hilo akiwa ameshika sindano ya kushonea makochi, ile iliyopinda, akajichoma kidole gumba. Wivu ulimshika hapo hapo na haukumwachia. Kile kicheko alikisababisha yeye, kwa mzaha wake yeye, na sasa watu elfu sitini walikuwa wanakirudia bure.

"Wangapi wamenunua?" alimuuliza Mahameli siku moja, akiwa ameegemea mlango wa chumba cha kushonea.

"Mambo haya yanataka muda."

"Sijauliza muda. Nimeuliza wangapi."

"Mmoja." Mahameli hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Na huyo aliona gauni langu kwa jirani yake, si mtandaoni."

"Kwa hiyo elfu sitini na moja wanakuja kukutazama wewe. Acha kuonyesha uso, mama. Onyesha nguo."

"Unasema hivyo kwa ajili ya biashara yangu?"

"Kwa ajili ya biashara yako."

"Nitazame halafu useme tena."

Makochi alitazama sanamu isiyo na kichwa. Ukweli ni kwamba alikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa nzuri, ila aliibeba kwa nia mbaya, na Mahameli aliisikia nia kabla hajaisikia hoja. Siku iliyofuata akaweka picha tatu za uso wake, moja ikiwa na kipini kipya cha pua. Dokta wa Moyo akaandika mistari minane.

Sasa mtu mwenye akili zake angeenda akaongea na mpenzi wake. Makochi, kwa wivu uliokuwa unamla, alijifungia ndani ya karakana saa ya chakula, akafungua akaunti nyingine. Akajiita Mzee wa Majumba, akaweka picha ya geti kubwa jeusi, akaandika.

"Habari mrembo. Nimependa kazi yako."

"Asante sana. Karibu, mteja," Mahameli alijibu.

"Na wewe mwenyewe nimekupenda."

"Karibu kwa gauni, mheshimiwa. Lingine halipo dukani."

Moyo wa Makochi ukatulia. Jibu hilo lingemtosha mtu mwingine. Yeye akajaribu tena siku ya pili kwa kumwalika chakula, akajibiwa kwamba fundi anakula nyumbani. Akajaribu kwa kumsifu macho, akajibiwa bei ya gauni la mikono mirefu. Mara kumi na moja alijaribu, na mara kumi na moja akajibiwa kwa heshima na mlango kufungwa. Mara ya kumi na mbili Mahameli akachoka.

"Mheshimiwa, kama kweli unataka kushonewa, leta vipimo. Kama hutaki, niache nifanye kazi."

Makochi aliingiwa na hofu kwamba atagundulika. Gauni la nani? "La mke wangu," akaandika. Vipimo? Akatafuta ndani ya simu, akakuta picha ya kikaratasi cha vipimo vya dada yake mkubwa, ambacho aliwahi kutumwa akipeleke kwa fundi miezi miwili nyuma. Akakinakili. Mtu mjanja angeandika namba nne akaishia hapo. Lakini Makochi ni fundi, na fundi haachi kipimo njiani. Akaandika kimoja baada ya kingine mpaka mstari wa chini kabisa: bega la kushoto limeshuka sentimita mbili.

Mahameli alisoma akiwa amesimama. Majina ya watu alikuwa akiyasahau, nyuso pia, lakini bega lile la dada mkubwa wa Makochi alilishughulikia mwenyewe kwa mikono yake, akalifungua mara tatu na kulishona upya mpaka likakaa. Hakuna mwanamke mwingine mjini mwenye kiuno kile, nyonga zile na bega lile. Alitoka hakuvua hata aproni.

"Mzee wa Majumba yupo?" aliuliza mlangoni mwa karakana.

Nyundo ilimtoka Makochi mkononi.

"Mahameli, ngoja nikueleze…"

"Dada yako ameolewa na wewe tangu lini?"

"Nilitaka tu kuwa na uhakika."

"Ukaupata?"

"Niliupata."

"Mara ya ngapi?"

Ilibidi aseme. "Ya kwanza."

"Ya kwanza," Mahameli alirudia. "Nikakujibu vizuri, ukaendelea mara kumi na moja. Wale wa mtandaoni wananitaka hadharani kwa majina yao ya kijinga. Wewe unayelala na picha yangu chini ya mto ndiye uliyejificha nyuma ya geti. Nisikuone kwangu tena."

Akaondoka. Fundi betri alijifanya anatafuta kitu chini ya gari.

Makochi alipiga simu siku nzima. Jioni Mahameli alipokea, akasema kwa sauti nyembamba ya wale dada wa kampuni za simu, "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa," akakata.

Wiki zilizofuata Mahameli aliamka kila asubuhi macho yamevimba kwa kulia, na macho yale hayakuwa ya kupigwa picha. Lakini ukurasa ulitaka kulishwa. Akaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akaielekeza kwenye mikono yake. Siku hiyo ikatoka video ya namna ya kukata mkono wa gauni kwa mwenye mikono minene ili asibanwe kwapani. Kesho yake, namna ya kuficha mshono kwa aliyejifungua karibuni. Keshokutwa, mfuko wa ndani ambao hauvimbishi nyonga.

Wafuasi wakaanza kuondoka, elfu mbili, elfu tano, elfu kumi na tisa. "Uso uko wapi?" aliandika Dokta wa Moyo, naye akaondoka, na katika miezi yote ile hakuwahi kununua hata kifungo. Makochi aliyekuwa akihesabu kila anayeondoka alidhani atashangilia. Badala yake alijikuta anauliza swali lile lile: uso uko wapi? Alijua ulipo na alijua aliyeuficha, na hakupata usingizi wa maana.

Huku juu ya duka la dawa, benchi likajaa. Walikuja wanawake wenye mikono minene, wenye watoto wachanga, wenye bega moja juu na moja chini. Wengi hawakumfuata mtandaoni kabisa; walitumiwa video na mashoga zao. Mahameli alikuwa akiwashonea kwa furaha na kwa hasira, maana kila gauni jipya lilimpa Makochi ushindi, na roho ilimuuma kumpa.

Dada mkubwa wa Makochi alikuja kama mteja, akakaa kwenye benchi, akavua kiatu.

"Hujambo, wifi."

"Usiniite wifi, dada."

"Sawa. Nimekuja kwa gauni tu." Akajipepea. "Yule mdogo wangu hajambo kidogo siku hizi. Kuna binti wa saluni pale jirani anamletea chai. Binti mweupe, mpole. Kila saa nne."

Mahameli alichomeka pini kwenye kitambaa, ikapita kitambaa ikaingia kidoleni.

"Kila saa nne?"

"Na vitumbua."

Mahameli alisema haimhusu. Akaisema mara ya pili. Akampima dada mtu huku akivuta tepu kwa nguvu mpaka mama wa watu akaomba apumue. Mchana ule alikata mikono miwili ya kushoto kwa gauni moja. Usidhani wivu ni wa wanaume tu. Wa Mahameli ulikuwa umelala tu, na sasa ukaamka na njaa.

Dada mkubwa alitoka pale akapitia karakana. "Nenda," alimwambia mdogo wake. "Na usiende na maneno matamu. Nenda na ya kweli."

Makochi alifika saa tisa, shati jeupe limenyooshwa, nywele kazikung'uta sponji. Benchi lilikuwa na wanawake sita.

"Foleni inaanzia kule," Mahameli alisema bila kugeuka.

Akasimama ukutani. Akangoja mama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, mwanamke mwenye sauti kubwa na simu kubwa zaidi, akamhurumia. "Fundi, huyu kaka hakuja kushonewa. Mimi nampa zamu yangu."

"Sema," Mahameli alisema, mikono kiunoni.

"Hapa? Mbele ya wote?"

"Ulijificha vya kutosha."

Makochi akasogea katikati ya chumba. "Nilikudanganya kwamba nawaza biashara yako. Sikuwaza biashara. Niliona wivu. Nilitaka kile kicheko kiwe changu peke yangu. Ulinijibu kwa heshima na bado nikataka kukukamata, na hilo ndilo linalonitia aibu. Sitakuahidi kwamba wivu umeisha. Ninao hata sasa, namwonea wivu huyu mama aliyepimwa na wewe sasa hivi. Ila nikiusikia nitakuja kukwambia kwa mdomo wangu, kwa jina langu."

Mahameli alikunja tepu, akaikunjua.

"Ulisema kweli kuhusu mauzo," alisema polepole. "Wafuasi wamekimbia na kazi imenizidi. Nilikataa kukwambia kwa sababu sikutaka ufurahi." Halafu macho yakamwaka. "Na binti wa saluni?"

"Binti gani?"

"Anayekuletea chai! Na vitumbua!"

"Saluni ipi, Mahameli? Jirani zangu ni betri na saruji."

Walitazamana. Jina la dada mkubwa liliwajia wote wawili kwa wakati mmoja, na Mahameli akacheka kicheko kile kile, kichwa nyuma, machozi yakimtoka. Makochi hakungoja kimalizike.

"Nioe," akasema, kisha akajirekebisha kwa haraka, "yaani, niruhusu nikuoe. Nimechanganyikiwa. Utakubali?"

"Nitakubali nini, kuolewa au kuoa?"

"Chochote, bora kiwe na mimi."

"Nakubali, Makochi."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mwenye duka la dawa akagonga dari kwa ufagio. Yule mwenye sauti kubwa alikuwa ameinua simu juu muda wote.

"Nimechukua kila kitu!" alipiga kelele. "Fundi, hii ukiiweka, kesho una wafuasi laki mbili!"

"Iweke!" Makochi alisema, kifua mbele. "Wote wamwone ni wa nani. Hasa yule Dokta."

Mahameli aliichukua simu. Akaitazama video yote, mpaka pale shati jeupe linapokaribia na sauti ya Makochi inapotetemeka na sura yake inakuwa nzuri kuliko alivyowahi kuiona. Akafikiria wanawake laki mbili wakiitazama sura ile, asubuhi na jioni, wakiirudia bure.

Akaifuta, akamrudishia mwenyewe simu yake.

"Samahani, dada yangu," alisema. "Huyu simgawii mtu."