Mawe Ndani ya Radieta

Lori lilizimika kwenye nyika kavu kusini ya Mitwaba, Élisabethville bado mbali sana. Mwenze, dereva, alifungua kifuniko cha radieta kwa hasira, bila kungoja ipoe. Maji yaliyochemka yaliruka, yakamkosa yeye, yakamuunguza Symphorien, msaidizi mpya kutoka Kasai, mapaja yote mawili.

"Nilikuambia usitie maji ile mu radiateur," Symphorien alisema, akiuma meno. "Iko na chokaa. Ikichemka, inaacha majiwe mu batuyau, mu mabomba yake."

Kweli alimwambia. Kule kwenye chemchemi ya maji moto, walikochota maji ya kupimwa na mkubwa wao, alimweleza hata sababu ya kujaza chupa pomoni na kuziziba kwa nta: hewa ikibaki ndani, gesi hutoroka na chokaa hugeuka jiwe. Mwenze alisikiliza roho ikimuuma. Miaka yote Bwana mpimaji alikuwa akipiga naye soga. Tangu aje huyu Mkasai na kipimajoto chake, Mwenze anasalimiwa tu. Ndipo akaijaza radieta maji yale yale, kwa kiburi.

Maji ya kunywa yalikwisha. Yale ya chupa waliyaonja, wakatapika.

"Nduku, beba chupa," Symphorien alinong'ona. "Bwana anazingojea kule mbele. Mi uniache."

Hata hilo lilimchoma Mwenze. Mtu anakufa, bado anataka kuwa kipenzi cha Bwana! Akajitwika kasha la chupa, akaondoka. Alijiona akilikabidhi, Bwana akimwita kwa jina, kipimajoto kikiwa mfukoni mwake. Raha ile ikamtisha. Akalitua kasha majanini, akarudi.

"Panda mu mugongo."

Alimbeba chini ya jua kali, ulimi umekauka, akimlaani Symphorien kwa uzito wake na kumsihi asisinzie. Hatimaye walifika kwenye mashamba ya mihogo. Mama mmoja, Bwalya, alitupa jembe, akawapa maji kwenye kibuyu.

Hapo ndipo Bwana, aliyekuwa akiwatafuta kwa gari lake dogo, alipowakuta. Alimpita Mwenze, akamwinamia Symphorien.

"Chupa ziko wapi?"

Symphorien alimtazama Mwenze.

"Niliziacha mu majani, Bwana," Mwenze alisema. "Na kamyo, lori yako, ni mi niliiuwa. Huyu alinikataza. Nilikuwa na wivu yake. Ata sasa niko nayo."

Symphorien, midomo imepasuka, alicheka kidogo, akamsogezea kibuyu.