Seva Iliyojiamsha

Arua, Uganda. Jumatatu, saa nane mchana.

Nyuma ya gereji, Muzamili alichora kwa mkaa geti la bohari ya forodha ya Koboko. Ndani mlikuwa na lori la sigara za magendo zilizokamatwa. Lori halitoki mpaka kompyuta ya mlinzi ipate jibu kutoka kwenye hifadhidata.

"Na ikilala?" akauliza.

"Wanarudi kwa daftari," alisema Amandu, fundi wa kompyuta wa bohari hiyohiyo. "Wanaangalia muhuri tu, basi."

Muhuri bandia walikuwa nao. Kazi ya Amandu ilikuwa kuipanga seva: umeme ukikatwa na kurudi, hifadhidata iamke kabla diski ya data haijaunganishwa. Ikikosa data, itaanguka palepale.

"Mutu akituuza, mimi hapana fuata yeye," alisema Muzamili. "Nafuata dada yake."

Dada wa Amandu alikuwa mmoja tu, Drateru wa mtaa wa Awindiri, aliyemlea tangu mama yao afe.

Koboko. Jumatano, saa nne asubuhi.

Umeme ukakatwa, kama walivyopanga. Dakika mbili, ukarudi. Seva ikawaka, hifadhidata ikagoma.

"Jamani, imekufa!" Amandu alipiga kelele. Mlinzi akafungua daftari.

Saa nne na dakika kumi na moja. Wahabu, dereva wao, alilisogeza lori hadi getini, karatasi yenye muhuri bandia mkononi, simu yake wazi ili Muzamili asikie.

Saa nne na dakika kumi na mbili. Kompyuta ya mlinzi ikaamka.

Lo! Mwaka jana, kwa kuchoshwa na umeme wa kukatikakatika wa huku West Nile, Amandu aliiagiza seva hiyo: hifadhidata ikianguka, subiri dakika kumi, jaribu tena. Mafundi wote wa huku hufanya hivyo. Akasahau, mjinga yule! Na sasa diski ilikuwa imeshaunganishwa.

"Ngoja," mlinzi alimwambia Wahabu. "Mashine inasema hii lori iko imefungiwa."

Wahabu akakanyaga mafuta. Risasi tatu. Lori likagonga nguzo, na Wahabu akaulalia usukani, honi ikilia bila kukoma.

Simu ya Amandu ikaita.

"Umetuuza," alisema Muzamili.

"Ilijiamsha yenyewe! Haki ya Mungu, nilisahau! Mzee, uko wapi?"

Upande wa pili vikombe vikagongana, na Amandu akaisikia sauti ya Drateru, changamfu kama siku zote.

"Mgeni, chai iko tayari. Sukari ngapi?"

"Mbili, dada," Muzamili akajibu, akakata simu.