Binti Kisima Ataka Kutembezwa

Mwenye duka alikunjua doti ya kanga nyekundu, akaisifu kama mtu anayeoza binti, kisha akauliza, "Na huyu mama mwingine, yeye atachukua rangi gani?"

Mwanaesha akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mama yeyote. Palikuwa na mumewe, Abdulhalim, fundi wa milango ya nakshi, amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumamosi, kashika mwavuli kama askari wa gwaride. Kwa ndevu zile, hakuna ambaye angemdhania mama.

"Sisi tu wawili, bwana," alisema Abdulhalim.

Mwenye duka akafikicha macho, akacheka, akasingizia joto. Lakini sakafuni, pale pasipokuwa na mtu, palikuwa na unyayo wa maji, mbichi, vidole vyake vimeelekea kwenye kanga.

Ngojeni kidogo, tusije tukapikwa na habari kabla hatujakaa jikoni. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita, na vitambaa ndiyo kwanza vinarudi mtaa wa Biashara. Miaka yote ile Mwanaesha alivaa kanga moja mpaka ungeweza kuchujia tui. Abdulhalim hakuwa bahili, la. Alikuwa mtu wa mbao tu, jambo haliingii mpaka ulipige nyundo. Alitoka alfajiri, akarudi magharibi, akala, akalala. Kutoka na mkewe? Kwenda wapi, kuna maziko?

Basi Mwanaesha akafanya walilofanya wanawake wengi wa mji huo kabla yake: akapandisha pepo. Wa uongo. Kila mtu ajua kuwa pepo akiomba hupewa, na mume akiombwa huuliza bei. Akajibwaga ukumbini katikati ya wali na mchuzi, akapindua macho, akanguruma kwa sauti ya punda dume mwenye mafua.

"Wewe nani?" Abdulhalim aliuliza, tonge likiwa hewani.

Hapo ndipo Mwanaesha alipogundua kwamba pepo wake hakumtafutia jina. Jicho likapita mlangoni, likaangukia kile kisima cha zamani cha uani, kilichofunikwa ubao.

"Binti Kisima!"

"Wataka nini, Binti Kisima?"

"Nataka doti ya kanga! Nataka nitembezwe Jumamosi na Jumapili! Nataka nile chakula nisichokipika mimi!"

Ni pepo gani huyo wa kupika, Abdulhalim hakuuliza. Alipiga magoti kwenye mchuzi, akaahidi. Na kule uani, ubao wa kisima ukalia kwa chini kama mtu aliyegongewa mlango. Mwanaesha alidhani ni paka.

Jioni ya Jumamosi ile ile ya kanga wakaenda mkahawani, karibu na Ngome kongwe ya mji, ambayo wakati huo ilikuwa jela. Wakakaa chumba cha nyuma chenye pazia, cha wenye wake. Mtumishi, jina lake Kadenge, akaleta sahani tatu za biriani.

"Tuko wawili, ndugu yangu," alisema Abdulhalim.

"Ameagiza mama aliyetangulia," Kadenge alisema. Akatazama kiti kilicho wazi, akapunguza sauti. "Yule aliyeloa."

Ndipo harufu ikafika: ukoga, majani yaliyooza, maji yasiyoona jua, na ndani yake mawaridi yaliyokaa sana. Mwanaesha akafungua kinywa kusema twende zetu. Ikatoka sauti ya punda dume mwenye mafua.

"Niongezeni!"

Upande wa pili wa pazia mkahawa mzima ukageuza shingo. Kijiko cha mtu kilianguka. Na aliyenguruma hakuwa yeye. Wallahi, safari hii hakuwa yeye.

Abdulhalim akainama kwa adabu kama yuko mbele ya kadhi. "Starehe, bibi. Wanaongeza."

Sahani ya tatu, walipoinuka, ilikuwa tupu. Mwanaesha alipita katikati ya wanaume wale waliogeuza shingo, buibui kalivuta mpaka puani, akitamani sakafu ifanye hisani ipasuke.

Jumapili wakatembea upande wa baharini, penye upepo. Abdulhalim alinunua mihogo ya kuchoma, akaipakaza pilipili na ndimu kwa mkono wake. "Mitatu," alimwambia muuzaji. "Mmoja wa mgeni." Alikuwa akicheka. Mwanaesha hajapata kumwona amefurahi vile, na hilo ndilo lililomchoma zaidi ya pilipili.

"Abdulhalim, turudi. Nina jambo nataka kukwambia."

"Ngoja nikwambie langu kwanza, nisije nikaogopa." Akautazama muhogo wake. "Marehemu Bimdogo, mke wangu wa kwanza. Alianguka hivyo hivyo kama wewe, ukumbini. Akasema ana pepo. Mimi nikamwambia, inuka, wajifanya tu. Nikaenda zangu kazini. Niliporudi alikuwa pale pale sakafuni, na majirani wameshamfunika."

Mwanaesha akautoa muhogo mdomoni.

"Nikaapa," Abdulhalim alisema. "Mke wangu akinambia ana pepo, sitamwita mwongo tena maishani."

Wakarudi, na Mwanaesha, aliyekuwa akijiona mjanja kuliko waigizaji wote wa mtaa wa Kibokoni, alitembea na aibu iliyomvaa kuliko buibui, akisikia nyuma yake nyayo za mtu wa tatu, chwa, chwa, nyayo za mtu aliyeloa miguu, zikisimama akisimama, zikienda akienda, mpaka kwenye kona ya uchochoro zikampita bavuni, baridi, na mtu asiyeonekana akampokonya kipande cha muhogo kilichokuwa mkononi mwake na kukitafuna sikioni mwake polepole, kama shoga anayekula huku akisubiri umalize kulia ili muendelee na matembezi.

"Nipeleke kwa fundi," alinong'ona. "Sasa hivi. Nipeleke."

Fundi wa pepo alikuwa Bi Mwanatumu, mtaa wa Kuze. Alimkalisha Mwanaesha mkekani, akamfunika shuka, akasogeza chetezo cha ubani.

"Nani aliyekuita?" Bi Mwanatumu aliuliza.

"Huyu huyu," ilijibu ile sauti kinywani mwa Mwanaesha. Kisha, mbele ya mume na mbele ya fundi, jini likamwigiza. Likaonyesha anavyojitazama kiooni akijifunza kupindua macho. Likanong'ona kwa sauti yake hasa, "Nianguke huku, wali usimwagike." Mchezo ule ulikuwa mzuri kuliko wa mwenyewe, na chini ya shuka Mwanaesha alilia kwa macho ambayo ndiyo tu yaliyobaki yake.

Bi Mwanatumu akashusha pumzi. "Huyu hakutumwa, wala hakurithiwa. Ameitwa kwa mchezo. Aliyemwita amkane kwa kinywa chake, na aliyedanganywa akubali kuwa alidanganywa. Asipokubali, mlango utabaki wazi, na huyu habanduki."

Moshi ukapita. Sauti ikalegea kidogo tu, kama mkono unaolegeza koo. Mwanaesha akaufunua uso.

"Mume wangu, nilidanganya. Pepo sikuwa naye. Nilitaka kanga. Nilitaka unitoe, tutembee, basi. Niliona haya kukuomba."

Abdulhalim akamshika mkono, akaupapasa kama anavyopapasa mbao kutafuta ufa.

"Hapana, Mwanaesha. Huyo ni pepo asemaye. Anataka nikuite mwongo, kama nilivyomwita Bimdogo, niende zangu kazini."

"Ni mimi! Abdulhalim, nitazame, ni mimi!"

"Kubali, baba," alisema Bi Mwanatumu. "Mkeo asema kweli."

"Nilishakosea mara moja," Abdulhalim alisema, machozi yakimshuka kwenye ndevu. "Mara ya pili sikosei. Nitampa huyo pepo kila anachotaka."

Bi Mwanatumu akafunika chetezo, asiangalie mtu.

Jumamosi iliyofuata, Abdulhalim alitundika msumeno mapema. Akavaa kanzu ya Ijumaa. Akapanga makubadhi mlangoni: yake, ya mkewe, na mengine mapya ya kike aliyonunua bila kuambiwa, ambayo tayari yalikuwa yameloa.

"Jitayarisheni," aliita kwa furaha. "Leo tutakula nini, nyama au samaki?"

Mwanaesha alibana meno, akaziba midomo kwa mikono yote miwili. Vidole vikafunguliwa kimoja kimoja, kwa upole, na kinywa chake kikachagua samaki.