Asisogee Mtu Mpaka Filimbi

Jumatano, saa 7:20 mchana

Ottavio alimwaga unga wa dengu juu ya meza, akausambaza kwa kiganja, akaanza kuchora mtaa kwa kidole. Chumba cha nyuma cha duka la farinata, mkate mwembamba wa unga wa dengu, kilikuwa na joto la tanuri na harufu ya mafuta ya zeituni. Watu watatu. Meza moja. Kazi moja.

"Hapa duka la Traverso," alisema. "Huu mlango wa uani. Hii baa. Hapa wewe na gari."

Huyo "wewe" alikuwa Bacci, dereva, mwezi wa saba tangu atoke gerezani. Wa tatu alikuwa mzee Gaspare, fundi wa kutoboa masefu, mtu wa mikono mizuri na magoti mabovu. Ottavio mwenyewe aliwahi kuendesha kreni bandarini, akafukuzwa kwa ngumi. Ndiye aliyekuwa bosi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti kubwa.

Mpango ulikuwa mwepesi. Saa kumi kamili timu yetu ya Darsena ilikuwa inacheza ugenini na Waromania, nusu fainali ya Kombe la Ulaya, marudiano. Taa za uwanja wao ni hafifu, ndiyo maana mechi iliwekwa mchana. Genoa nzima ingekuwa mbele ya televisheni. Sonara Traverso angefunga duka na kujibanza baa ya jirani. Gaspare angetoboa sefu kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili kikianza, na watu wamerudi kwenye viti, wangetoka na dhahabu ndani ya mifuko ya mikate, wapande gari la mikate, washike barabara ya bandarini. Dakika kumi na mbili hadi gereji.

Na kelele za mashine ya kutoboa? Ottavio alicheka. Sisi watu wa hapa tunajulikana. Wanasema mabaharia wetu wa zamani walikubali mshahara pungufu mradi waruhusiwe kunung'unika melini. Na mechi ya kwanza, hapa nyumbani, Darsena ilichapwa mbili bila. Ilihitaji mabao matatu. Mji wote ungeshinda unatukana kila pasi, na chini ya matusi yale hata baruti isingesikika.

Bacci aliutazama mstari wa barabara kwenye unga.

"Bosi, hii barabara inapita uwanja wa chemchemi. Watu wakitoka wote, haipitiki. Sasa, kama tumechelewa, halafu tukishind—"

Ottavio alimziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Usilitaje."

"Nasema tu, kwa ajili ya njia."

"Hata kwa ajili ya njia. Unataka kutia nuksi leo?"

Mzee Gaspare alitikisa kichwa, akimkubali bosi. Basi likaishia hapo. Ukiwa hutokani na mji huu utashangaa, lakini tangu Septemba hakuna aliyelitaja neno lile. Darsena, klabu ya wapakuaji mizigo, haikuwahi kutia mguu Ulaya. Tukawatoa Waairishi, kimya. Tukawatoa Waswidi kwenye theluji, kimya. Machi tukawatoa Wahispania kwa penalti na mtu akiulizwa alijibu tu kwamba timu ni mbovu na kocha ni punda. Ndivyo nuksi inavyodanganywa.

Bacci alipangusa unga mdomoni. Hakimu alishamwambia: safari nyingine ni miaka sita. Mkewe Ines alikuwa na mimba ya miezi sita. Na binti yao Nives, aliyezaliwa baba akiwa ndani, alikuwa na miaka minne na bado alimwita "bwana." Bwana nipe maji. Bwana anakula mkate wangu. Bacci aliomba kazi kila gati la bandari na kila gati likauliza alikuwa wapi miaka minne iliyopita. Alichotaka ni kimoja: mtoto wa pili asije akamwita bwana.

Saa 9:45 alasiri

Gari lilisimama mdomoni mwa kichochoro. Lisingeweza kuingia, vichochoro vyetu punda wawili hawapishani. Ottavio, kabla ya kushuka, aliona kadi ya kijani inaning'inia kwenye kioo cha dereva. Kadi ya uanachama wa Darsena, ya Bacci, na picha yake.

"Toa hiyo takataka. Ina sura yako."

"Siitoi. Imening'inia tangu Waairishi."

"Bacci."

"Wewe si ndiye unaogopa nuksi? Haya, itoe mwenyewe."

Mkono wa Ottavio ulinyanyuka, ukafika karibu, ukarudi mfukoni. Akashuka, na Gaspare akamfuata na begi la vyuma.

Saa 10:12 jioni

Sefu la Traverso lilikuwa nyuma ya pazia la duka, kijivu, refu kuliko mtoto. Gaspare alipiga goti moja sakafuni, akashika mashine, akasubiri matusi.

Matusi hayakuja.

Ottavio alitega sikio ukutani kuelekea baa. Watu arobaini mle ndani, hakuna hata anayekohoa. Dirisha la juu lilikuwa wazi. Televisheni inasema peke yake. Mtangazaji akasema Darsena wanamiliki mpira. Akasema Darsena wamegonga mwamba.

"Mbona hawalalamiki?" Gaspare alinong'ona.

Ottavio alielewa, na hasira ikampanda. Timu ilikuwa inacheza vizuri. Na timu ikicheza vizuri, watu wa hapa wanaziba midomo, wasije wakaiamsha nuksi. Kazi nzima ilijengwa juu ya manung'uniko, na siku yenyewe mji mzima ulikuwa umeacha kunung'unika. Gaspare alikaa na mashine yake imezimwa, jasho linamtoka, dakika zinakwenda bure. Mwezi mzima wa kupanga.

Saa 10:31 jioni

Kimya kingi kina mshindo. Kichochoro kililipuka. Viti vikaanguka baa, masufuria yakagongwa madirishani. Moja bila.

"Toboa!"

Gaspare alitoboa mpaka kelele zilipokwisha. Sekunde hamsini. Chuma kilikuwa kimeliwa nusu kidole tu. Kisha kimya tena, kizito kuliko cha kwanza. Mapumziko yakaja na kupita. Huko nje, ndani ya gari, Bacci alihesabu wavutaji sigara waliotoka na wavutaji sigara waliorudi, na wenzake hawakutokea. Muda wa mpango ulikuwa umekwisha.

Saa 11:13 jioni

La pili. Safari hii mji ulipiga kelele dakika mbili nzima, na Gaspare akafika karibu na kitasa. Bado goli moja Darsena iingie fainali. Bado kelele moja sefu lifunguke. Bacci aliliona hilo vizuri kuliko wote, na lilimuuma: kilichokuwa kinafungua sefu ndicho kilichokuwa kinafunga barabara. Alitaka kushangilia na alitaka kulia, na vyote viwili alivifanya chinichini, mikono kwenye usukani.

Saa 11:37 jioni

La tatu.

Ngoma za masikio ziliuma. Gaspare alitoboa, akapenya, akasukuma wenzo, na mlango wa sefu ukaja wenyewe. Trei juu ya trei. Mikufu, bangili, pete za harusi zilizofungwa vikaratasi. Wakajaza mifuko minne ya mikate bila kuchagua.

Nje, honi ililia mara tatu. Ndiyo ishara: tokeni sasa. Barabara ilikuwa bado tupu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutoka kabla ya filimbi. Dakika nane, pengine tisa. Zilitosha kuupita uwanja wa chemchemi.

Gaspare alinyanyuka na mifuko miwili.

"Rudi," Ottavio alisema. "Piga goti."

"Nini?"

"Magoli yote matatu ulikuwa umepiga goti. Asisogee mtu mpaka filimbi."

"Ottavio, tumeshapata mali."

"Na wakirudisha moja? Litakuwa juu yako. Utaweza kuishi mji huu?"

Mzee alimtazama. Alikuwa mwizi kwa miaka arobaini na hakuwahi kupewa amri ya kijinga namna ile. Akapiga goti.

Honi ikalia tena. Mara ya tatu Bacci hakubonyeza. Alishuka, akakimbia kichochoroni, akagonga mlango wa uani.

"Tokeni! Njia iko wazi!"

Sauti ya Ottavio ilitoka ndani, ya chini.

"Bacci. La tatu lilipoingia, ulikuwa umekaa wapi?"

"Garini."

"Rudi ukakae."

Hapa ndipo mimi hukosa subira nikisimulia. Bacci alikuwa na funguo. Alikuwa na barabara tupu, mke mjamzito, mtoto anayemwita bwana. Alijua mpango una tundu. Alijua tangu mchana, juu ya ule unga. Alisimama pale mlangoni, akafungua mdomo. Kisha akageuka, akarudi garini, akakaa vilevile alivyokuwa, goti la kushoto juu, macho kwenye kadi.

Saa 11:47 jioni

Filimbi.

Walitoka mbio, wakatupa mifuko nyuma, wakaingia na kujifungia humohumo. Bacci aliwasha gari. Lilikwenda hatua thelathini.

Milango yote ya Genoa ilifunguka mara moja. Wakashuka wapishi na aproni zao, wajane wamejifunga bendera mabegani, mapadri. Walijaza uwanja wa chemchemi, wakajaza barabara ya bandarini, wakalizunguka gari mpaka vioo vikawa vifua vya watu. Neno lililozuiwa tangu Septemba lilikuwa linatoka sasa kwa kila kinywa: tumeshinda, tumeshinda.

"Endesha," Ottavio aligonga ubao wa nyuma ya kiti.

"Niendeshe wapi? Hii ndiyo niliyotaka kusema mchana."

"Endesha!"

Mtu mmoja mnene alipanda juu ya boneti, uso umepakwa kijani, akaanza kucheza. Bacci alimtambua. Ni Traverso. Sonara alibusu kioo, akaona koti la mwokaji alilovaa Bacci, akanyoosha mikono juu.

"Waokaji hawa! Jamani, leo mkate bure!"

Mji uliokuwa haujala tangu asubuhi kwa hofu ulikumbuka njaa yake. Mikono ilishika mlango wa nyuma. Gari likayumba. Bacci alisikia kitasa kikisalimu amri, akasikia Gaspare akisema "Jamani hakuna mkate, jamani," na akajua kwamba kwa sekunde tano hivi macho yote yangekuwa nyuma.

Alivua koti jeupe la mwokaji. Alifungua mlango wake kiasi cha kupenya ubavu. Alimsikia Ottavio akigonga ubao, mara mbili, akiita jina lake. Kisha alikuwa mmoja wa watu, mikono juu, anaimba.

Nyuma yake mfuko ulichanika. Kelele zikapungua kidogo, kwa mshangao. Traverso alikuwa ameshuka na ameshika mkufu, anasoma kikaratasi chenye mwandiko wake mwenyewe.

Saa 1:10 usiku

Ghorofa ya tano. Ines alifungua, mkono kiunoni, akamtazama usoni. Alijua. Lakini Nives alikuwa juu ya kiti cha jikoni, mashavu kijani, ameimba na majirani mpaka sauti imekauka. Alimrukia Bacci shingoni.

"Baba! Baba, tumeshinda!"

Bacci alimshika. Alisimama katikati ya jiko, mtoto mikononi, akimsikia akilirudia: baba, matatu, baba, matatu. Laiti ningekuwa na uwezo ningeisimamisha hadithi papo hapo.

Mlango uligongwa. Askari wawili. Mmoja kijana, skafu ya kijani imechungulia chini ya kola. Mkononi alikuwa na kadi.

"Picha ni yako?"

"Yangu." Bacci alimshusha mtoto. "Mmeitoa kwenye kioo?"

"Ni kielelezo."

"Mngeiacha mpaka fainali."

Yule kijana alitazama chini. "Nilimwambia sajini hivyohivyo," alisema.

Mei

Gereza la hapa liko ubavuni mwa uwanja wa mpira. Siku za mechi, kelele huingia kwa madirisha. Fainali ilichezwa mbali, lakini watu waliwekewa kioo kikubwa uwanjani, na wafungwa walisikiliza mji ukisikiliza. Darsena walifungwa bao moja, dakika ya themanini na tisa, na beki wao wenyewe.

Ottavio aliketi kitandani mwake, chumba kimoja na Bacci. Kisha akamwambia maneno ya kwanza tangu wizi ule wa Aprili.

"Ulitukimbia. Hilo nimekusamehe, ningekimbia pia. Lakini kadi ile, askari wakaitoa kabla ya fainali. Ungeondoka nayo."

"Uliniambia niitoe, nikakataa."

"Najua," Ottavio alisema. "Na mimi ningekataa."

Wakageukiana migongo.

Mtoto alizaliwa Juni, wa kiume. Ines alimleta akiwa na wiki sita, siku ya kutembelea wafungwa, upande wa pili wa kioo kinene. Nives alimshika mdogo wake kwapani, akamnyanyua kwa shida mpaka uso wake ukafika kwenye kioo, akamwonyesha kwa kidole.

"Yule bwana," alimwambia, "ni baba."