Mwezi Uliosimama

Jioni za kiangazi, vumbi la barabara ya Gihundwe likianza kutua na pikipiki za abiria zikipungua, Gaju alikuwa na kazi tatu. Aliosha vyombo, akamnawisha mdogo wake miguu, kisha akaenda uani kwa Maman Mukamurenzi kutazama nyota. Kazi mbili za kwanza alizifanya kwa kununa. Ya tatu aliifanya kwa maringo, na maringo ya Gaju, tuseme ukweli, yalichosha watu.

Maman Mukamurenzi alikuwa mwalimu wa fizikia. Kaka yake alimletea darubini kutoka safarini, naye badala ya kuifungia chumbani kama sahani za wageni, aliisimamisha uani, baina ya kamba ya nguo na banda la kuku, akamkaribisha kila jirani aliyetaka kuchungulia. Watoto walikuja. Alikuja pia Karim, fundi wa simu kutoka Kamembe, ambaye aliwafundisha kupiga picha za anga kwa simu. Picha hizo walitumiana katika kundi lao la WhatsApp, wakalibatiza jina la Macho Juu.

Nyingi zilikuwa mbaya, hilo halina ubishi. Sayari ya Zohali, aliyoipiga Karim mwenyewe, ilifanana na punje ya mahindi. Wengine walituma giza tupu na kuandika kwamba ukikaza macho utaona nyota pembeni. Hata hivyo walifurahi, wakapongezana, na kesho yake wakajaribu tena. Gaju aliwacheka wote. Shangazi yake alikuwa amemtumia simu mpya kutoka Ulaya, naye akaamini kwamba mwenye simu nzuri ndiye mpiga picha mzuri, kana kwamba ni simu inayovumilia baridi ya uani.

"Ile njo foto ao ni uji?" aliuliza, akimrudishia mtu simu yake kwa ncha za vidole.

Siku moja mwanzoni mwa likizo kubwa, Maman Mukamurenzi aliwaambia habari njema.

"Mwezi ujao tutapeleka darubini Rwimbogo," alisema. "Bantu ya kule hawajaonaka kintu kama hii. Mutoto mumoja njo atashika darubini na kueleza bantu. Tutamuchagua kwa foto. Munipigie mwezi mchanga, ule wa kwanza kwanza, pamoja na kintu ya kwetu: nyumba, muti, ao kilima. Foto uliyopiga weye mwenyewe, na mukono yako."

Moyo wa Gaju uliruka. Rwimbogo ndiko alikoishi bibi yake mzaa baba, Nyirahabimana, ambaye wajukuu wote walimwita Koko. Koko alikuwa na ulimi mkali, na kila likizo alirudia maneno yaleyale: mtoto wa mjini anajua kula tu. Gaju alitaka kusimama kando ya ile darubini mbele ya Koko na majirani zake, aonekane na wote. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho.

Lakini kukitaka kitu ni jambo moja na kukitolea jasho ni jambo jingine. Jioni mwezi ulipoandama, Gaju alitoka nje, akainua simu yake ya kifahari, akapiga picha tatu. Zote zilitoa doa jeupe lililotikisika kama tone la maziwa. Akasonya. Upepo ulikuwa baridi, na ndani kulikuwa na chai. Mpiga picha wetu mashuhuri akarudi ndani.

Mukundwa, aliyesoma naye darasa moja, hakuwa na chai ya kukimbilia. Mama yake aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na simu yao ilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Mukundwa aliiweka juu ya dumu la maji, akaikaza kwa mawe ili isitikisike, akapiga, akatazama, akasogeza jiwe, akapiga tena. Alifanya hivyo jioni baada ya jioni, mpaka akapata mwezi mdogo, wenye ukungu kidogo, juu ya bati la jiko lao. Ulikuwa umelala chali, pembe zake mbili zikitazama juu, kama bakuli linalongoja mchuzi.

Gaju aliiona picha hiyo kwenye kundi. Aliona wazi kwamba ilikuwa na kazi ndani yake. Basi akaingia mtandaoni, akatafuta, na hakutafuta sana. Alipata mwezi mwembamba, mkali kama wembe, umesimama wima kando ya mti usio na jani hata moja. Akauchukua. Chini yake akaandika: *Muti ya nyuma ya kwetu, ulikaukaka.* Akatuma.

Pongezi zilimiminika. Karim aliandika kwamba hajaona picha safi kama hiyo tangu kundi lianze. Dhamiri ilimkwaruza Gaju kidogo, naye akainyamazisha upesi kwa njia anayoijua kila mwizi: alijiambia kwamba wengine ni wajinga kuliko yeye, kwa hiyo ni haki yao kudanganywa.

Kesho yake walikutana uani. Maman Mukamurenzi alimtangaza Gaju. Hilo lingetosha kwa mtu mwenye haya, lakini Gaju alimgeukia Mukundwa.

"Mwezi yako imelala chali kama mulevi," alisema, na watoto wakacheka. "Angalia ya kwangu vile inasimama."

"Miye niliiona vile," Mukundwa alijibu. "Sikuigusa."

"Basi ungemuamusha."

Watoto wakacheka tena. Mukundwa aliokota dumu lake akaenda zake. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Gaju alikuwa na macho mawili mazima, mwezi wenyewe ulikuwa palepale juu ya taa za Bukavu, ng'ambo ya mpaka, umelala chali vilevile, na yeye akautazama wa kwenye kioo cha simu.

Papa wa Gaju, yaani baba yake, mwenye duka la misumari na rangi Kamembe, alifurahi kupita kiasi. Aliipeleka picha ikachapwa kwenye bango la kitambaa, pana kama shuka. Gaju alimwambia hakuna haja. Papa akamwambia asiwe na aibu. Maskini, aibu ndiyo hasa iliyokosekana.

Mwezi uliofuata kundi zima lilikwenda Rwimbogo, Papa naye akiwamo. Bango lilitundikwa ukutani kwa Koko, na darubini ikasimamishwa mbele ya nyumba. Watu walirudi kutoka mashambani, wakaweka majembe chini, wakakusanyika na watoto wao. Koko alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na tangu mchana alikuwa akitamba.

"Munaiona ile?" aliwauliza majirani, kidole kikielekea bango. "Ilipigwa na mujukuu wangu. Batoto yenu banajua kuchunga mbuzi tu."

Majirani walivumilia. Walishamzoea. Gaju alisimama kando ya darubini, mgongo umenyooka, na kwa kitambo kidogo alipata kila alichokitaka. Hata Koko alimtazama kama mtu.

Kisha jua likatua nyuma ya milima ya Kongo, na juu ya milima hiyo, kwenye anga iliyokuwa bado na wekundu, mwezi mchanga ukaonekana. Watu wote waliutazama. Baadaye, kwa kuwa bango lilikuwa palepale, waliutazama na ule wa pili. Mzee Mutabazi, jirani wa Koko, alikuwa amekuja na watoto wake wawili. Alitazama mbinguni, akatazama ukutani, akarudi mbinguni.

"Samahani, Maman," alimwambia Koko. "Ile mwezi ya kwenye kitambaa ni ya wapi? Ya pale juu imelala. Tangu nizaliwe, ikiwa mudogo vile, inalalaka. Sijaonaka imesimama kama muti."

Kicheko kikapita kwenye mkutano. Uso wa Gaju ulipata moto, lakini kiburi kilikuwa bado kinapumua.

"Nilipindisha telefone," alisema kwa sauti ya kumdharau mzee wa watu. "Bantu ya huku hawajui mambo ya foto."

Maman Mukamurenzi alikuwa amelisogelea bango. Alilitazama kwa muda, kisha akamrudia Gaju na kumwambia kwa sauti ya chini.

"Ungepindisha telefone, na muti ungepinda. Muti iko sawa." Akalinyoshea bango kidole. "Kuna inchi za mbali, za baridi, kule mwezi mchanga unasimamaka. Kwetu hausimamake. Gaju, foto hii ni ya nani?"

Gaju alijifanya anaipangusa darubini. Pengine angeipangusa mpaka leo, kwa maana mwongo akibanwa huona kazi yoyote ni pango. Lakini Koko alikuwa amemsikia Mutabazi, na Koko hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite.

"Weye Mutabazi," alisema, mikono kiunoni, "muntu asiyejua ata kusoma, unakuja kwangu kumufundisha mutoto ya masomo? Mujukuu wangu hasemake bongo, hadanganyake. Hapana kwetu. Kama una wivu, ubebe wivu yako uende."

"Maman, niliuliza tu."

"Nenda."

Mutabazi alivaa kofia yake. Hakugombana. Aliwashika watoto wake mkono, mmoja huku na mwingine kule, akaanza kuteremka njia ya kwake. Walikuwa hawajachungulia darubini. Yule mdogo alitembea kichwa kimegeuka nyuma, akiitazama mpaka akajikwaa.

Gaju aliona yote hayo. Mtu mkweli alikuwa amefukuzwa kama mbwa kwa ajili yake, na aliyemfukuza alikuwa bibi yake, aliyeweka jina lake rehani kwa ajili ya mtoto mwongo. Kwa mara ya kwanza mtu aliyemdharau alikuwa yeye mwenyewe, na lilikuwa jambo chungu kuliko alivyodhani.

"Koko, mwache," alisema. "Mzee Mutabazi anasema kweli. Foto haiko yangu. Niliitoa kwenye internet. Muti hauko wa kwetu, na mwezi hauko wa kwetu. Miye njo nilisema bongo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Papa wa Gaju aliinamisha kichwa. Koko alimtazama mjukuu wake kutoka kichwani hadi miguuni, taratibu, kama mtu anayekagua maharage yaliyotoboka.

"Basi nilitukana jirani yangu juu yako," alisema.

Alijifunga kitenge, akateremka njiani yeye mwenyewe, akimwita Mutabazi kwa jina, na wote walimsikia akiomba radhi. Gaju aliyasikia maneno hayo ya radhi moja baada ya moja. Hakuna kiboko ambacho kingemuumiza hivyo.

Mutabazi aliporudi na watoto wake, Karim alilishusha bango na kulikunja. Gaju alimwendea Mukundwa, aliyekuwa amekaa na watoto wa pale, akamwambia kwamba nafasi ya darubini ni yake, na kwamba mwezi wake ndio uliokuwa wa kweli, na kwamba anaomba msamaha kwa kumcheka.

Mukundwa hakumkumbatia. Alimtazama kwa dharau iliyokuwa halali kabisa.

"Simama kule, upange batoto kwa mustari," alisema. "Batoto ya Mzee Mutabazi baanze."

Gaju akawapanga. Watoto wa Mutabazi walikuwa wa kwanza, na yule mdogo alipoweka jicho alishika mdomo, akakataa kutoka mpaka alipovutwa. Mukundwa alieleza mashimo na milima ya mwezi vizuri, bila kujikweza. Koko naye alichungulia, akarudi kukaa kando ya Mutabazi.

Walipokuwa wakikunja miguu ya darubini, Maman Mukamurenzi alimwita Gaju.

"Na miye nilikosa," alisema. "Niliona foto iko safi, nikasahau kuuliza kama iko ya kweli. Iyo kosa ni yangu, sitakubebesha weye. Ya kwako ni hii, uisikie muzuri. Ulicheka kazi ya mwenzako juu ya ukungu wake. Lakini ukungu ule ulikuwa wa jasho yake. Muntu akizoea kudharau kazi ndogo ya jirani, mwisho ataiba kazi kubwa ya muntu asiyemujua, na ataita yake. Njia ya mwongo ni fupi, Gaju. Ya kwako ilifikia kwa Koko."

"Nimeelewa, Maman."

"Kuelewa ni kwa mudomo. Kesho, chukua dumu."

Kesho yake jioni, huko Gihundwe, Gaju alitoka na dumu la maji na mawe mfukoni. Upepo ulikuwa baridi kama siku zote, na chai ilikuwa ndani kama siku zote. Alipiga, akatazama, akasogeza jiwe, akapiga tena, mpaka vidole vikafa ganzi. Alichopata kilikuwa kitu kidogo chenye ukungu juu ya paa la jirani. Alikituma kwenye kundi la Macho Juu bila kuandika chochote.

Karim alijibu kwanza: *Inatikisika.*

Kisha likaja neno la Mukundwa.

*Lakini imelala.*