Muzigo wa Kupeleka Manono

Mimi Blandine siko muntu wa kuogopa-ogopa. Nimeuza samaki bandarini tangu nikiwa musichana, nimegombana na walevi, na askari, na mawimbi yenyewe. Kwa hiyo nikiwaambia kuna mama mumoja aliyenitoa jasho baridi, musicheke.

Ile jioni nilikuwa na kazi moja tu: kufikisha dawa Manono. Mujukuu wangu Caleb, mutoto wa binti yangu Olga, malaria ilikuwa imemupanda kichwani. Dawa ya sindano ilikuwa imekwisha kule. Daktari alimuambia Olga wazi: isipofika leo, mutoto hataona asubuhi. Barabara yote matope, pikipiki ingelala njiani. Ilibaki ndege.

Kwetu Kalemie, ukiwa na muzigo unaenda kiwanja cha ndege, unatafuta abiria mwenye sura nzuri, unamuomba akufikishie. Wa Goma, wa Lubumbashi, wa Manono, wote wanabebeana. Unaweka na ndagala pembeni, samaki wadogo wa ziwa letu, naye anakata ya kwake, fungu lake la kubeba. Hiyo njo asante.

Lakini siku hizi watu wamekuwa waoga! "Mama, sibebi vya watu." "Mama, na mimi kilo zimezidi." Bwana mumoja mwenye tai alinitazama utasema nimemupa bomu. Pumbavu kabisa! Jua lilikuwa limeshafika kwenye vilima, na mimi bado nimeshika dawa mukononi.

"Nipe mimi."

Sauti ilitoka nyuma ya sikio langu. Polepole... kama muntu anayeongea kanisani. Nikageuka. Mama wa makamo, kitenge cha kijani, hana hata kamufuko. Alikuwa na harufu ya nyumba iliyofungwa siku nyingi.

"Unaenda Manono, Mama?"

"Naenda."

"Mutoto anaitwa Caleb. Mama yake Olga, yuko naye hospitalini. Humo kuna ndagala, ukate ya kwako."

Akatabasamu. "Samaki sili. Ya kwangu nitakata kule kule. Kwa mutoto."

"Kata, Mama! Kata unachotaka, mutoto apone tu!"

Mufa maji hukamata maji. Nikamukabidhi muzigo, nikamushika mukono kumushukuru. Ulikuwa kama kushika nguo kwenye kamba.

Kwa zile ndege ndogo, kila abiria anapimwa pamoja na mizigo yake. Anayepima njo Papa Siméon, muntu wa maneno mengi, anataniana na kila mama munene. Yule mama akapanda mizani.

Mushale haukusogea.

Siméon akagonga kioo. Tik, tik... Akamushusha, akapanda mwenyewe. Mushale ukaruka. Akamupandisha tena.

Mushale ukalala kimya.

Hata dawa yangu, hata ndagala, mikononi mwake hazikuwa na kilo. Siméon akanitazama, utani wote umemuisha.

"Mama Blandine," akanong'ona, "huyu umemutoa wapi?"

Sijajibu bado, upepo ukapiga, bati likalia. Rubani akatoka akipunga mikono: Manono kumejaa mawingu, giza linaingia, ndege hairuki leo. Watu wakaanza kufoka. Nikageuka nichukue dawa yangu kwa yule mama...

Hayuko.

Nilikimbia kila pembe. Kwenye biro ya tiketi, kwenye choo, mupaka kwenye majani kando ya uwanja. Nililia, sioni haya kusema. Caleb wangu anakufa, na dawa yake nimemupa... nani?

Simu ikalia. Olga.

"Mama, asante sana. Muzigo umefika."

Ndege ya Manono ilikuwa mbele ya macho yangu, magurudumu yamezuiwa kwa mawe.

"Nani... nani ameuleta?"

"Mama wa kitenge cha kijani. Wanamudunga Caleb sasa hivi! Ila samaki amekataa. Aliomba tu kumubeba mutoto. Akamubeba kidogo, akamurudisha."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Nimekata yangu.' Akatoka."

Caleb alipona. Mvua zilipopungua Olga akamuleta kwangu nimuone, mashavu yamejaa, kelele nyumba nzima. Nikamurusha juu nikicheka, na alikawia kushuka. Nikajiambia, uzee huo, Blandine.

Siku ya kurudi Manono nikawasindikiza kiwanjani. Siméon akamupandisha Olga mizani, Caleb mugongoni. Mushale ukapanda, ukasimama. Siméon akauangalia sana.

"Mushushe mutoto, Mama. Mupe bibi yake."

Nikamupokea Caleb.

Mushale haukurudi nyuma hata kidogo.

Olga alikuwa anapekua mufuko akitafuta kadi yake, hakuona kitu. Siméon akanivuta pembeni.

"Yule wako wa kitenge cha kijani alipita hapa wiki jana. Alipanda mizani." Akageuka kutazama mizani. "Safari hii mushale ulisogea."

"Mupaka wapi?"

Alikuwa anamutazama Caleb mikononi mwangu.

"Na mukamuacha apande ndege?"

"Alikuwa na kilo zake, Mama Blandine. Tungemukatalia kwa nini? Ameshuka Lubumbashi."

Lubumbashi. Mungu wangu, kule watoto ni wengi.

Olga sijamuambia. Ningemuambia nini? Mutoto anakula, anacheka, kwenye simu ananiita Koko, bibi yake, mupaka masikio yanauma. Na mukiniuliza kama ningemukatalia yule mama, Caleb azikwe na kilo zake zote, nitawafukuza hapa na ufagio.

Ila upepo wa ziwa ukianza kutikisa bati, napiga simu Manono.

"Olga, Caleb yuko wapi?"

"Anacheza inje, Mama."

"Muingize, mwanangu. Mufunge mugongoni. Ukaze."