Mshipi wa Ratili Mia

Kesho yake msimu wa maski, samaki mkubwa wa ziwani mwenye meno makali, ulikuwa unafunguliwa, na duka la zana za uvuvi la mtaa wa Atwood, mjini Madison, lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Watu walikanyagana wakigombea chambo bandia. Nyuma ya kaunta, Renata Nowicki aliendesha mashine ya kujazia mshipi kwenye rili, kigurudumu cha kuukunjia, mikono ya shati lake la mirabaraba ameikunja hadi viwikoni, nywele nyeusi amezifunga kwa kipande cha mshipi wa kijani. Alikuwa mzuri, tena wa wale waliokwisha kuchoka kuambiwa.

"Dada, naomba mshipi wa kusuka," alisema mwanamume mrefu aliyevaa kofia ya sufu ya rangi ya chungwa, na huku ni Mei, baridi imekwisha. "Ule usiokatika kabisa."

Mikono ya Renata ilisimama. Ilisimama kidogo tu, kisha ikaendelea.

"Unarusha chambo gani?"

"Yale madude ya mpira. Kama kuku aliyenyonyolewa."

"Basi wa kuhimili ratili hamsini sahau. Kidole gumba kikiteleza, mshipi unajivuruga kwenye rili, unakatika, na kuku wako anaruka kwenda kuwasalimia watu wa ng'ambo. Chukua themanini."

"Na mia?"

"Mia ni wa kuvutia gari lililokwama."

"Mimi hapa nimekwama. Tangu nifike kwenye kaunta hii."

Foleni nzima ilicheka. Renata alijikaza asicheke, akashindwa.

"Kaka, watu wanasubiri."

"Naitwa Nels Haugen. Naezeka mapaa."

"Naona. Hata kichwa umekiezeka."

Alimjazia themanini. Alimpa na namba yake ya simu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mteja yeyote.

Sasa, kwa nini mikono ile ilisimama? Baba yake, mzee Stan, alikuwa mvuvi wa maski. Siku moja ya upepo, mwezi wa Novemba, ndoana yake ilinasa kwenye gogo chini ya ziwa Monona. Akauzungusha mshipi mkononi ili auvute. Upepo ukaisukuma boti, mshipi ukakaza, na badala ya kukatika ukamchukua mzee pamoja nao. Maji ya Novemba, baridi kama barafu, hayakumpa nafasi. Ulikuwa mshipi wa ratili mia, na aliyemjazia ni Renata mwenyewe.

Tangu hapo hakukanyaga boti. Aliwauzia wengine mshipi mnene kwa moyo mkavu, kwa sababu ndio unaofaa, lakini hao hakuwapenda. Kumpenda Nels kulikuwa balaa jingine.

Na alimpenda. Kiangazi chote, kila Ijumaa jioni, walikula samaki wa kukaanga na viazi, Nels akinywa brandi yake yenye cheri na kusimulia maski waliofuata chambo chake wakakataa kuuma. Siku alizokuwa ziwani Renata hakutulia. Dirisha la duka likitikiswa na upepo, alimpigia simu.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Majini, kipenzi changu."

"Jaketi la kuokolea umevaa?"

"Nimevaa. Nimefanana na boga."

"Ulikuwa unafanana nalo tangu zamani. Rudi mapema."

Oktoba Nels alimwomba wafunge ndoa.

"Niulize ziwa likishaganda," alisema Renata. "Ukiwa bado u mzima."

Nels alidhani ni utani. Wiki ile ile akaleta rili yake kubwa dukani. "Sasa ni wakati wa samaki majitu, mpenzi. Nijazie mia."

Renata alichukua boksi la mia, akampa mgongo, akajaza wa ratili sitini na tano. Kwa macho huwezi kuutofautisha, mpaka uupitishe baina ya vidole. Moyoni alijiambia: ukinasa utakatika, na yeye atarudi. Aliona amefanya jambo la busara. Woga una akili zake, lakini hauna aibu.

Jumapili moja simu ililia. Sauti ya Nels ilikuwa ya mtu aliyelia au anayekaribia.

"Renata, mshipi umekatika. Samaki wa maisha yangu! Alikuwa mrefu kukushinda wewe, nimemwona ubavu mzima. Amekwenda na chambo, na ndoana zote mdomoni. Atakufa kwa sababu yangu."

"Wewe mzima?"

"Nakwambia samaki atakufa!"

"Nimekuuliza wewe mzima?"

Kisha Nels akasema polepole, "Mshipi huu nimeupitisha vidoleni. Si mia huu."

Alifika dukani akiwa bado ameloa, akaiweka rili juu ya kaunta. "Ulinipa mabaki? Au mlikuwa mnanicheka humu ndani, mwezeka mapaa hajui mshipi?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Lakini kumtaja baba yake ilikuwa kama kumzamisha mara ya pili, na ulimi ukagoma. Nels alingoja, akachoka, akaondoka bila kufunga mlango.

Hakupokea simu zake. Renata akaanza kuogopa vitu viwili kwa wakati mmoja: kwamba yuko ziwani, na kwamba hata akirudi hatarudi kwake. Mwishowe alilifuata paa alilokuwa akiezeka Nels, mtaa wa pili, akasimama chini na koti lake jekundu. Alipomwona akitembea pale juu kwenye ukingo, alipaza sauti.

"Nels! Nilikupa mwembamba makusudi!"

"Najua!" alijibu bila kugeuka.

"Baba yangu alivutwa majini na mshipi wa mia! Nilimjazia mimi! Nilitaka wako ukatike!"

Jirani aliyekuwa akikusanya majani aliacha reki. Nels alishuka ngazi, akasimama mbele yake, mikono imejaa lami.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa zaidi."

Nels aliinamisha kichwa. "Kuacha kuvua sitaweza, nisikudanganye. Ila njoo nami mara moja. Utashika koleo la kukatia mshipi. Ukiogopa, kata. Nife leo kama nitakuuliza kwa nini."

"Usiseme nife!"

"Basi, nivunjike jino."

Safari hii Renata alijaza wa mia, wa kweli, Nels akiwa ameegemea kaunta.

Siku waliyotoka, kingo za Monona zilikuwa zimeanza kushika barafu. Ng'ambo, kuba la makao ya serikali lilionekana jeupe. Upepo uliipiga boti ubavuni, na Renata alikaa sakafuni, koleo limegandana na glavu yake. Nels alirusha, akavuta, akarusha. Kila mara kabla ya kutoa chambo alikizungusha majini kando ya boti kwa umbo la nane, ili kumshawishi samaki aliyekifuata.

Kwenye mzunguko mmoja maji yalifunguka. Kichwa kirefu chenye meno kilitokea, karibu kiasi kwamba Renata aliliona jicho. Fimbo ilipinda hadi majini, boti ikainama, Nels akapiga goti kwenye ukingo, mkono wa kushoto ukiufuata mshipi.

"Huyu! Ni mkubwa kuliko yule!"

Renata hakuona samaki. Aliona mkono karibu na mshipi, na mgongo uliojikunja kuelekea majini. Akakata.

Fimbo iliruka juu. Nels alianguka kitako. Samaki alipiga mkia mara moja, na ziwa likajifunga.

Midomo ya Nels ilifunguka, na Renata akangoja neno ambalo lingemaliza kila kitu. Lilimpanda usoni, kila mtu angeliona. Alilimeza. Alivuta mshipi uliobaki, akaupitisha baina ya vidole, akaanza kufunga chambo kingine.

"Safari hii ndoana nilizibana miba, zisimng'ang'anie," alisema. "Atazitema mwenyewe. Hatakufa."

"Nels..."

"Umeona meno yake?"

"Niliona mkono wako."

Nels hakuuliza kwa nini. Alimnyooshea fimbo. "Zamu yako. Kidole gumba kiwe juu ya mshipi."

Renata alilitazama koleo, kisha akaliweka mfukoni mwa jaketi la Nels, kwa mkono wake mwenyewe, na kufunga zipu. Alisimama. Bado aliogopa. Alishika fimbo.

"Ziwa halijaganda," alisema, "lakini niulize sasa."